Nyasi za juu si fasi ya bure: safari ya kwenda Kundelungu na Upemba



Katika mikutano ya ushirika pande za Likasi na Kambove, kuna neno linalorudi kila msimu. Mwenzetu mmoja anasimama na kusema: "Kule juu, pande ya Kundelungu na Biano, iko fasi mingi, haina mutu. Juu ya nini tusiende kulima kule?"

Tunaelewa neno hilo linatoka wapi. Mashamba ya karibu na mji yanapungua. Migodi inachukua ardhi, miti inakatwa kwa ajili ya makala, na mtu anayetaka hekta mbili za mahindi anatembea mbali zaidi kila mwaka. Kwa hiyo leo tunawachukua safari. Tupande pamoja mpaka kwenye nyasi za juu, tuangalie kuna nini, halafu kila mmoja ajibu swali hilo mwenyewe.

Njia za kupanda

Kutoka Likasi njia ni tatu. Ya mashariki inaelekea Mwadingusha, kwenye bwawa la Lufira lililojengwa mwaka 1930. Mbele ya bonde unaona ukuta mrefu wa mawe na majani: huo ndio ukingo wa Kundelungu. Ya magharibi inafuata barabara ya Kolwezi kupitia Fungurume mpaka Tenke. Hapo reli inagawanyika, na tawi la kwenda Kamina linapanda Biano. Ya tatu inakwenda kaskazini, inapita Kyubo, pale Lufira inapoanguka kwa kishindo, kisha inaelekea Mitwaba. Pande hizo za kaskazini ndiko uliko uwanda wa Kibara na kituo cha Lusinga, katika hifadhi ya Upemba.

Njia yoyote utakayochukua, utaona jambo lilelile. Chini unapita katika msitu wetu wa kawaida, wenye miti ya makala, uyoga (bowa) na asali. Huko pia kuna mbung'o, yule inzi anayeleta malale kwa watu na kuua ng'ombe. Unapopanda, miti inakuwa mifupi, kisha inakwisha. Ukifika juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ni nyasi tu mpaka macho yanapochoka. Wenyeji wanaita uwanda kama huo dilungu. Mwezi wa 6 na wa 7 upepo wake unaingia mpaka kwenye mifupa. Kama huna blanketi nzito, usiku hutalala.

Kwa nini hakuna miti?

Mgeni akiona nyasi nyingi hivyo anafikiri ardhi ni nono. Sivyo. Shika udongo wa juu mkononi, uloweshe maji kidogo, ujaribu kuuviringa uwe kama kamba. Udongo wa kichuguu cha hapa Likasi unashikana vizuri, ndiyo maana tunafyatulia matofali. Udongo wa uwanda wa juu, sehemu nyingi, unavunjika: ni mchanga. Mvua ikinyesha, maji yanapita na kubeba chakula cha mmea kwenda chini, kisha miezi ya kiangazi inakuja na baridi, upepo na moto. Nyasi zimezoea maisha hayo kwa sababu sehemu kubwa ya mwili wake imo ardhini, katika mizizi. Mahindi hayana akiba kama hiyo.

Mtu akilima hapo atapata nini? Mwaka wa kwanza majivu ya nyasi zilizochomwa yanalisha mahindi kidogo, na mkulima anafurahi. Baadaye majivu yanakwisha na magunia yanapungua, na pale palipolimwa mchanga unabaki wazi. Hata makampuni ya wakati wa ukoloni, yaliyokuwa na mtaji na mashine, yalipofika Biano yaliweka ng'ombe. Juu kuna baridi, mbung'o hapendi, kwa hiyo mifugo iliweza kuishi. Lakini kila ng'ombe alihitaji hekta nyingi za kutembelea, maana nyasi zenyewe ni ngumu na hazina nguvu nyingi.

Nyasi zina wenyewe

Jambo la pili ni sheria. Upemba ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1939, na Kundelungu tangu mwaka 1970. Zote mbili ziko chini ya ICCN, taasisi ya serikali inayolinda hifadhi za Kongo. Sheria ya 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa mazingira inakataza kulima, kuwinda na kujenga ndani ya hifadhi ya taifa bila ruhusa. Biano yote si hifadhi, ni kweli, lakini nako kuna machifu, kuna vijiji na kuna wenye hati. Usipoona nyumba, usiseme hakuna mwenyewe.

Katika nyasi za Upemba wanaishi punda milia wa mwisho wa porini katika nchi yetu nzima. Kuwalinda kumegharimu damu. Mkuu wa hifadhi hiyo, Atamato Madrandele, aliuawa kwa kuviziwa mwaka 2012, wakati makundi yenye silaha yalipokuwa yakizunguka pande hizo.

Wafugaji wanaohamahama wanaweza kutufundisha kitu hapa. Chukua Wamasai wa Kenya na Tanzania. Mgeni akipita kwenye malisho yao mwezi fulani anaweza asione hata ng'ombe mmoja, akadhani ni pori tu. Kumbe majani hayo yamewekwa akiba ya kiangazi, na wazee wamekubaliana ni lini mifugo itaingia. Wakati nyumbu wanazaa, Wamasai huwaondoa ng'ombe sehemu hiyo, kwa sababu ndama wa nyumbu hubeba ugonjwa unaoua ng'ombe. Kwa hiyo malisho yanaweza kuonekana matupu kwa sababu yana mpango. Nasi tukifika mahali pasipo na watu, tuulize kwanza: hapa pamepumzishwa na nani, na kwa nini?

Maji ya juu, samaki ya sahani yetu

Jambo la tatu linatugusa hata sisi tusiokwenda kupanda. Nyasi za juu zinapokea mvua, mchanga unaimeza, na maji yanatoka polepole katika chemchemi za pembeni. Mto Lofoi unatoka Kundelungu na kuanguka zaidi ya mita 300 kwa mara moja, kisha unaingia Lufira. Lufira hiyo, ambayo imeshapokea maji ya Panda kutoka mjini kwetu, inashuka mpaka Lualaba, kwenye maziwa ya Upemba na Kisale.

Sasa fikiri samaki unayemla na bukari jioni. Wengi wanaouzwa katika masoko yetu wanatoka katika maziwa hayo, wakipitia Bukama. Uwanda ukilimwa ovyo na kuchomwa ovyo, mvua haiingii ardhini: inateremka kwa nguvu na mchanga, na kiangazi chemchemi zinakauka. Mchanga huo hauna pa kwenda ila mtoni na ziwani, mahali samaki wanapozalia. Hasara ya mkulima mmoja huko juu inakuja kuwa bei ya samaki sokoni Kikula.

Moto nao una wakati wake. Ukiwashwa mapema, mwezi wa 5 au wa 6, nyasi bado zina unyevu, na moto unapita chini bila kuua miti. Ukiwashwa mwezi wa 9 au wa 10, kila kitu kimekauka, na moto unaingia mpaka kwenye miche na mizinga ya nyuki. Msafiri anayetupa kijinga cha moto njiani mwezi wa 9 anaweza kuchoma chakula cha vijiji vitatu.

Kama ushirika unataka kwenda kuona

Kwenda kuona ni vizuri, na tunashauri. Lakini jitayarisheni:

– Nendeni kiangazi, kati ya mwezi wa 6 na wa 9. Masika kamio inaweza kulala matopeni siku nyingi.
– Ombeni ruhusa kwa ICCN kabla ya kuondoka, na mbebe barua ya ushirika yenye majina ya wasafiri wote.
– Ulizeni habari za usalama kwa watu waliopita njia hiyo juma lilelile, hasa upande wa Mitwaba.
– Mkifika kijijini, pigeni hodi kwa chifu kwanza. Mgeni asiyejitambulisha hudhaniwa mwindaji.
– Msinunue nyama ya porini, hata kama ni ya bei rahisi. Ikikutwa ndani ya gari, kesi ni ya gari zima.
– Bebeni mafuta ya akiba, maji, chakula na nguo za baridi.

Na shamba je?

Tumerudi chini, na swali la ardhi bado lipo. Hatusemi ni rahisi. Tunasema tu kwamba jibu haliko kwenye mchanga wa juu. Hekta moja ya hapa chini iliyotunzwa inaweza kumshinda mtu aliyehama kila miaka miwili. Udongo wetu mwingi una uchachu, na mawe ya chokaa tunayo hapahapa Kakontwe: ushirika ukinunua chokaa ya shambani kwa pamoja, bei ya kusafirisha inagawanywa. Karanga, soya na maharage vikipokezana na mahindi vinarudishia udongo nguvu. Samadi ya kuku na mboji ni kazi ya mikono, si ya pesa. Na msitu uliobaki unaweza kuzaa asali kila mwaka, lakini makala unayazaa mara moja tu.

Katika mkutano wenu unaofuata, wekeni maswali haya mawili mezani. Je, ni hekta ngapi za wanachama zilizoachwa kwa sababu zimechoka? Na kuziponya kungegharimu kiasi gani, tukilinganisha na kamio ya kwenda kufyeka Kundelungu? Pigeni hesabu hiyo kabla ya mvua ya kwanza, mama na baba wote wakiwepo, maana mara nyingi mama ndiye anayejua gunia liliisha mwezi gani.