Safari ya familia kwenye bustani za michezo: Mkono ufunguliwe wapi, ufumbwe wapi?

LIKIZO za shule zinapokaribia, zipo familia ambazo safari hii hazitakwenda shamba wala kwa bibi mzaa mama. Zimedunduliza kwa muda mrefu ili kuwapeleka watoto kwenye bustani kubwa za michezo na burudani zilizoko Dubai na Abu Dhabi. Kwa jamaa zetu wanaoishi Maskati, safari ya namna hii ni mwendo wa gari wa siku moja. Kwa aliyeko Dar es Salaam, Unguja au Mombasa, huenda ikawa mara moja tu katika utoto wote wa wanawe. Ndiyo maana swali linalozuka mezani kabla ya safari si dogo hata kidogo: katika fedha hizi tulizojinyima, ni wapi tufungue mkono, na ni wapi tuufumbe?

Ndugu msomaji, dini yetu imetuonya dhidi ya israfu, na imetuonya vilevile dhidi ya ubakhili, ikamsifu mwenye kushika njia ya kati baina ya mawili hayo. Wengi wetu hulikumbuka onyo moja na kulisahau la pili. Yuko baba anayemwaga fedha siku ya kwanza kwa kuona haya mbele ya watoto, na siku ya tatu akawa mkali kwa kila anayeomba maji. Yuko na mwingine aliyelipa nauli ya ndege kwa watu saba, kisha akawatembeza juani mchana kutwa kwa kukwepa gharama ndogo ya kivuli. Wote wawili wametumia, na wote wawili wamerudi na familia iliyonuniana.

Ili tupate jibu la swali letu, hatuna budi kwanza kuielewa biashara yenyewe. Walt Disney alipofungua bustani ya Disneyland huko California, Marekani, Julai 1955, mtu mzima alilipa dola 1 kuingia mlangoni, kisha akalipia kila mchezo peke yake. Baada ya miezi michache zikaja tiketi za vitabu zenye herufi. Mchezo mdogo ulikuwa wa herufi A, na kuanzia mwaka 1959 michezo mikubwa ikapewa herufi E. Mwaka 1982 utaratibu huo ukakoma, mgeni akawa analipa mara moja mlangoni na kucheza apendavyo. Ungedhani hapo malipo yamekwisha. La hasha. Kilichobadilika ni bidhaa. Leo kinachouzwa ndani ya lango ni muda, kivuli, chakula, picha na vitu vya kumbukumbu. Mwaka 1999 bustani za Disney huko Florida zilianzisha utaratibu wa kumpunguzia mgeni kusimama kwenye foleni, bila ya malipo yoyote. Oktoba 2021 huduma ya namna hiyo ilirudi kwa jina jingine, safari hii kwa kulipia.

Bustani za Ghuba zimefuata nyayo hizo hizo. Katika Kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, ilifunguliwa Ferrari World mwaka 2010, ikafuatiwa na Yas Waterworld mwaka 2013, Warner Bros. World mwaka 2018 na SeaWorld mwaka 2023. Dubai nayo ina bustani ya maji ya Aquaventure iliyofunguliwa mwaka 2008, na mwaka 2016 zikaongezeka IMG Worlds of Adventure na Legoland, hii ya mwisho ikiwa imelengwa zaidi kwa watoto wa umri wa miaka 2 hadi 12. Kila moja ina tiketi yake, na kila moja ina vishawishi vyake ndani. Hakuna familia ya kipato cha wastani inayoweza kununua vyote. Kupanga ni kuchagua.

Basi tuchague kwa kipimo gani? Kipimo tunachokipendekeza hapa ni chepesi kukumbuka: fungu la anasa limwendee aliye dhaifu zaidi katika msafara. Si yule anayelia kwa sauti kubwa, bali yule atakayechoka kwanza na kunyamaza.

Tuchukue mfano wa familia ya watu saba: baba, mama, bibi mwenye magoti mabovu, kijana wa miaka 15, binti wa miaka 11, mtoto wa miaka 6 na mchanga wa mwaka mmoja. Kijana atafurahi hata asipoongezewa kitu, kwani tiketi yake tayari inamfungulia michezo yote mikubwa. Anayehitaji kuongezewa ni bibi, ambaye hatapanda chochote, na mama, ambaye asipoangaliwa atamaliza siku nne akishika mikoba ya wenzake na kumbembeleza mchanga. Hao wawili wakistarehe, wote wamestarehe. Wakielemewa, hakuna mchezo utakaoinusuru siku hiyo.

Kwa kipimo hicho, pa kwanza pa kufungua mkono ni malazi ya karibu. Likizo ndefu za Tanzania huangukia Juni na Desemba. Desemba hewa ya Ghuba ni nzuri, lakini wageni ni wengi na hoteli hupandisha bei. Juni na miezi inayofuata joto huvuka nyuzi 40. Sheria ya Falme za Kiarabu hukataza kazi za nje chini ya jua kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:00 alasiri, tangu tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba ya kila mwaka. Ikiwa mwanamume mwenye nguvu zake haruhusiwi kufanya kazi katika jua hilo, seuze bibi na mtoto mchanga? Hoteli iliyo mbali huonekana rahisi kwenye karatasi, lakini humaanisha kuwa mkitoka asubuhi hamrudi hadi usiku. Hoteli ya karibu huwapa nafasi ya kurudi adhuhuri, mkaoga, mkaswali kwa utulivu, mkalala kidogo na kutoka tena alasiri. Katika Kisiwa cha Yas lipo basi la bure linalozunguka baina ya hoteli na bustani, hivyo hata teksi haihitajiki. Kabla ya kukata tiketi, ulizeni kama inaruhusu kutoka na kuingia tena siku ile ile.

Pa pili ni siku ya ziada. Tiketi ya siku kadhaa au ya bustani zaidi ya moja kwa kawaida humfanya mtu alipe kidogo zaidi kwa jumla lakini pungufu kwa kila siku. Familia inayobana bustani mbili ndani ya siku moja hutumia muda mwingi njiani na kwenye foleni, na watoto hugombezwa kutwa nzima ili waende upesi. Heri bustani mbili kwa siku tatu kuliko nne kwa siku mbili. Aidha, kwa wanaosafiri wakati wa joto, Ferrari World kwa sehemu kubwa iko chini ya paa, nazo Warner Bros. World na IMG Worlds of Adventure ziko ndani ya majengo yenye viyoyozi. Bustani za maji ziwekwe asubuhi na mapema.

Pa tatu ni kivuli na sitara. Katika bustani za maji hukodishwa vibanda vidogo vyenye viti na pazia. Wengi huvipita kwa kuviona ni vya matajiri. Lakini kwa familia yenye mama anayenyonyesha na bibi asiyeweza kusimama, kibanda kimoja kwa siku moja ndicho chumba cha kupumzikia wote, mahali pa kulaza mtoto na pa kuweka mizigo. Hapo ndipo mama naye hupata saa mbili za kuingia majini na binti yake huku baba akiwa zamu ya mchanga. Baadhi ya bustani hutenga nyakati za wanawake peke yao. Ikiwa mama hawezi kustarehe majini isipokuwa katika wakati huo, basi ratiba yote ipangwe kuuzunguka, hata ikibidi kulipia siku ya ziada. Hiyo si israfu, maana bila ya hivyo tiketi yake ingekuwa fedha iliyotupwa.

Sasa tutazame pale ambapo mkono unafaa kufumbwa. Kwanza ni ile tiketi ya kuruka foleni. Ieleweke kwamba tiketi hiyo haiongezi viti. Treni ni ile ile na viti ni vile vile. Kinachofanyika ni kuchukua nafasi za walio kwenye foleni ya kawaida na kumpa aliyelipa zaidi. Kwa hiyo thamani yake hupanda siku ya msongamano, na siku ya wageni wachache haina faida. Tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki ya serikali katika Falme za Kiarabu huanza mchana wa Ijumaa hadi Jumapili. Mgeni kutoka nje anaweza kuchagua Jumatatu hadi Alhamisi, asitumie hata dirham moja kwa ajili ya foleni. Na kama shaka imebaki, aingie kwanza, aone urefu wa foleni, ndipo aamue. Isisahauliwe pia kwamba michezo mikubwa ina kiwango cha kimo. Wapimeni watoto nyumbani ukutani, msije mkamnunulia tiketi ya kuruka foleni mtoto asiyeruhusiwa kupanda. Kipimo hicho kina faida nyingine, kwani baadhi ya bustani za huko hupanga bei ya mtoto kwa kimo na si kwa umri.

Pili ni vitu vidogo vidogo. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Tukadirie kwamba watu sita, tukimwacha mchanga, kila mmoja ananunua kitu cha dirham 30 mara tatu kwa siku: juisi, picha, kikaragosi. Hizo ni dirham 540 kwa siku, na kwa siku nne ni dirham 2,160, sawa na dola 588 hivi. Fedha hizo zinaweza kulipia kivuli, malazi ya karibu na chakula kizuri cha jioni, lakini zimekwenda bila mtu kukumbuka zilikwenda wapi. Si bahati kwamba michezo mingi humtolea mgeni nje kupitia dukani. Bustani nyingi za huko pia haziruhusu kuingia na chakula kutoka nje, kwa hiyo staftahi nzito hotelini ni akiba iliyo halali na nyepesi.

Dawa ya vitu vidogo si kuwanyima watoto. Dawa tunayo wenyewe tangu zamani, nayo ni mkono wa Idi. Mtoto wa pwani anapewa fedha zake asubuhi ya sikukuu, anakwenda viwanjani, na yeye mwenyewe ndiye anayeamua kati ya pembea na aiskrimu. Zikiisha, zimeisha. Kila mtoto na apewe fungu lake kabla ya kuondoka, akiwa anajua kwamba halitaongezwa. Mtashangaa jinsi mwanasesere aliyeonekana wa lazima wakati baba analipa anavyorudishwa rafuni wakati fedha ni za mtoto mwenyewe. Kwa picha, simu zilizomo mifukoni zinatosha. Ikiwa ni lazima kununua, nunueni moja ya familia nzima akiwamo bibi, maana hiyo ndiyo itakayotundikwa ukutani.

Tatu, na hili ni zito zaidi, mkono ufumbwe kabisa mbele ya mkopo. Anayesafiri Desemba akumbuke kwamba Januari inamngoja na ada, sare na madaftari. Siku nne za furaha zisizae miezi ya kukimbiana na wadai. Kama fedha zilizopo hazifikii kipimo tulichokieleza, safari iahirishwe mwaka mmoja, au ifupishwe. Watoto hawatadhurika kwa kungoja, ila huumia sana wakiona wazazi wao wanagombana kwa deni.

Yote haya hayawezekani bila ya mashauriano. Wiki chache kabla ya safari familia ikae pamoja, na bibi awemo. Kila mmoja ataje jambo moja tu analolitamani zaidi, na mama atangulie kusema, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye husema mwisho au hasemi kabisa. Baba aandike. Mali bila daftari huisha bila habari. Yale yaliyoandikwa yalipwe kwa moyo mkunjufu, bila ya manung'uniko wala masimbulizi baadaye. Yasiyoandikwa yaachwe bila ya majuto.

Mwenye kufanya hivyo atagundua kwamba orodha ya familia yake ni fupi kuliko alivyodhani, na kwamba mengi ndani yake hayauzwi dukani: kukaa na baba asiye na haraka, kumwona mama akicheka majini, kumsikia bibi akisimulia aliyoyaona kwa samaki wa SeaWorld. Hapo ndipo fedha ya familia inapostahiki kwenda. Mwenyezi Mungu azibariki safari zetu na azirejeshe familia zetu salama, Inshaallah.