Plagi za Gari: Kuingia Si Kufaa

Plagi inaweza kuingia kwenye injini ya petroli na bado isiifae. Sehemu ya ndani ikiwa ndefu mno, pistoni inaweza kuigonga. Isipotoa joto haraka inavyotakiwa, injini inaweza kuharibika gari likipanda na mzigo kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit.

Wenye magari wanashauriwa kusoma namba ya plagi kwenye kitabu cha gari, au kumpa muuzaji namba ya injini. Namba za kampuni tofauti zisilinganishwe: kwa NGK na Denso, namba kubwa ya joto huonyesha plagi inayotoa joto haraka, kwa Bosch ni kinyume.

Badilisha zote pamoja, injini ikiwa imepoa.