Taa nyekundu ikiwaka kwenye seva, usikimbilie kubadili diski

Simu ililia saa mbili kasorobo asubuhi. Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa Machi, ule wakati joto la Mombasa halina adabu. Aliyepiga ni kijana wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. "Fundi, mtambo umelala. Taa mbili zawaka nyekundu. Nishaagiza diski mbili mpya, waja saa ngapi kuzitia?"

Nikamjibu: "Usiguse kitu. Naja."

Ndani ya seva ile mlikuwa na kazi ya miaka 6: ankara, hati za forodha, mishahara, barua za wateja. Sheria ya kodi humtaka mfanyabiashara ahifadhi rekodi zake kwa miaka 5, kwa hivyo hili halikuwa jambo la kusema tutaanza upya. Nilipouliza bakapu ya mwisho ni ya lini, wakatazamana. Ilikuwa ya miezi 7 nyuma.

Ndugu msomaji, nimekuwa fundi wa mitambo hii kwa miaka mingi, na nimeona data nyingi zaidi zikiuawa na mikono ya watu kuliko zikiuawa na diski. Mara nyingi huuawa katika ile nusu saa ya kwanza, wakati kila mtu ana wasiwasi na mwenye mali amesimama mlangoni. Ndiyo maana naandika haya.

Kadi ya RAID ni nini

Seva nyingi za ofisi hazitegemei diski moja. Huwa na diski tatu, nne au zaidi, zilizofungwa pamoja kwa mpango uitwao RAID. Mpango huo ulipewa jina mwaka 1987 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Badala ya kununua diski moja kubwa ya bei ghali, waunganisha kadhaa za bei nafuu. RAID 1 huandika kitu kile kile kwenye diski mbili. RAID 5 hugawanya data kwenye diski zote na kuongeza hesabu ya kufidia, hivyo moja ikifa kazi yaendelea. Zikifa mbili, zote zimelala. RAID 6 yaweza kupoteza mbili na ikasimama.

Katika seva nyingi, anayesimamia hesabu hizo ni kadi iliyochomekwa ndani, yenye chipu yake, kumbukumbu yake na mara nyingi betri yake. Kadi ndiyo nahodha, diski ni mabaharia. Nahodha akiita na asijibiwe, huandika kwamba baharia amekufa. Lakini kutojibu si kufa. Huenda kebo imelegea, huenda sehemu ya kuchomeka imeshika kutu, huenda nahodha mwenyewe amezidiwa na joto. Taa nyekundu haikwambii diski imekufa. Yakwambia tu kwamba kadi haiisikii.

Soma daftari kabla ya kushika bisibisi

Kila kadi ya RAID ina daftari lake la matukio, na humo mna saa na dakika. Kadi nyingi zenye chipu za LSI, ambayo sasa iko chini ya Broadcom, husomwa kwa programu ya storcli. Kwa seva za HP kuna ssacli. Hilo daftari ndilo jambo la kwanza ninalotafuta.

Katika ofisi ile seva ilikuwa ingali yawaka, ila data haifunguki. Nikatoa nakala ya daftari na kulisoma. Diski mbili zilipotea Jumapili saa tisa alasiri, sekunde ile ile moja. Hapo nikaanza kupumua. Diski huzeeka kila moja kwa wakati wake; ni nadra mno mbili zife katika sekunde moja. Zikipotea pamoja, tafuta kitu wanachokitumia wote: kebo, umeme, ubao wa nyuma ambao diski huchomekwa, au kadi yenyewe.

Kisha nikatazama hesabu za makosa. Kadi nyingi huandika aina mbili. Makosa ya "media" yatoka kwenye uso wa diski, na yakiongezeka diski ile ni mgonjwa kweli. Makosa ya "other" mara nyingi hutoka njiani. Kwa diski za SATA kuna kipimo kingine, namba 199 katika taarifa ya SMART, ambacho huhesabu data iliyoharibika ikisafiri kwenye kebo. Diski zote nne hazikuwa na kosa hata moja la "media". Zile mbili zilizopotea namba 199 ilikuwa juu, na zote mbili zilipita kwenye kebo moja. Zile mbili zilizobaki zilikuwa kwenye kebo ya pili.

Kosa nililolifanya zamani

Sikuzaliwa na subira hii. Miaka ya nyuma niliitwa kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi. RAID 5, diski tatu, mbili nyekundu. Mwenye duka alikuwa akinihimiza, wateja wamejaa. Nikaingia kwenye kadi, nikachagua diski moja kati ya zile mbili nikailazimisha irudi kazini, mtambo ukawaka. Tukapeana mikono.

Kufikia adhuhuri hesabu zilikuwa zimevurugika. Ankara zilifunguka nusu, majina ya wateja yameingia kwenye bei. Ndipo nikasoma daftari, ambalo ningelisoma asubuhi: diski niliyoirudisha ilikuwa imekufa wiki tatu kabla, na hakuna aliyeitazama taa. Data yake ilikuwa ya wiki tatu nyuma, nami nimeichanganya na ya leo. Iliyopaswa kurudi ni ile ya pili, iliyoanguka asubuhi ile. Zile hesabu hazikupatikana tena, na mwenye duka hakuniita tena. Alikuwa na haki.

Kwa hivyo kanuni yangu ni hii: kabla ya kurudisha diski yoyote, jua ipi ilianguka kwanza. Ile ya kwanza kuanguka usiilazimishe kurudi.

Hatua nilizozifuata

Nilizima seva taratibu. Nikapiga picha, kisha nikaandika namba kwenye kila diski kwa kalamu ya wino mzito, kulingana na nafasi yake. Nikazitoa moja moja na kuzinakili kwenye diski nyingine nilizokuja nazo, nikitumia kompyuta ya Linux na programu ya ddrescue. Usichomeke diski za RAID kwenye Windows ukakubali inapokuomba kuzitayarisha. Hapo umeanza kuzifuta. Zilikuwa za terabaiti 2 kila moja, na kila nakala ilichukua takriban saa 4. Mzee mwenye ofisi alikuja mara tatu kuniuliza, "Mwanangu, bado?" Nikamwambia, "Bado, mzee. Tukikosea sasa hivi tuna pa kurudi. Jana hatukuwa napo."

Nakala zilipokamilika nikafungua seva. Kichwa cha kebo ile, upande wa diski, kilikuwa na ukungu wa kijani. Chumba kile kina dirisha linalotazama bahari, na hewa ya chumvi haina rafiki. Feni iliyo karibu na kadi nayo ilikuwa imekwama kwa vumbi. Kadi hizi huchemka sana, zimeundwa zipulizwe na feni za seva muda wote. Ukiiweka kwenye kasha la kompyuta ya kawaida bila feni ya kuielekea, huanza kupoteza diski joto likipanda, kisha asubuhi ikipoa yakuonyesha kila kitu ni salama.

Nikabadili kebo na feni, nikasafisha vichwa, nikarudisha kila diski mahali pake, nikawasha. Kadi ikaniletea ujumbe ambao huwachanganya wengi: imeona mpango wa "Foreign". Maana yake ni kwamba diski zina maelezo ya RAID ambayo kadi haiyatambui kama yake kwa sasa. Huwa yatoa njia mbili, "Import" na "Clear". Ya kwanza huyapokea maelezo yaliyo kwenye diski. Ya pili huyafuta, na kuanzia hapo kazi yako imekuwa ngumu mara kumi. Nikaomba kwanza kuonyeshwa kitakachopokelewa, nikahakikisha diski ni zile zile na nafasi ni zile zile, ndipo nikakubali. Faili zikafunguka. Zile diski mbili mpya za kijana zikabaki kwenye maboksi yake.

Angelizitia asubuhi ile na kuunda mpango mpya, leo tungekuwa twazungumza mambo mengine.

Betri, na kadi za mitumba

Kuna ugonjwa mwingine ambao hauwashi taa ya diski. Seva yaanza kwenda polepole, watu walaumu virusi. Kadi nyingi huandika data kwanza kwenye kumbukumbu yake ya muda, kisha kwenye diski. Betri yake huilinda data hiyo umeme ukikatika, kwa kawaida siku moja hadi tatu. Kadi mpya zaidi huihamisha kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Betri ikizeeka, kadi huacha kuitumia njia hiyo na kuandika moja kwa moja kwenye diski, ndiyo maana kazi huwa nzito. Wako mafundi wanaoilazimisha iendelee bila betri ili mteja afurahie kasi. Kwa mji wetu ambao umeme hukatika bila hodi, huko ni kucheza na mali ya mtu. Badili betri.

Na ukinunua kadi iliyotumika, usiitie kwenye seva ya kazi siku hiyo hiyo. Ifunge kwanza kwenye diski zisizo na kitu cha maana. Unda RAID, jaza faili, piga hesabu ya kuzihakiki. Ichomoe diski moja ikiwa yawaka, uone kama kadi yalalamika na kazi yaendelea. Tia nyingine, ingoje ijijenge upya mpaka mwisho. Hakiki faili tena. Iache ikifanya kazi siku nzima kwenye joto la kawaida la chumba, kisha usome daftari. Kadi iliyopita hapo naiamini. Na programu yake ya ndani usiibadilishe wakati RAID yake ni mgonjwa, mponye kwanza.

Lililobaki

Mwisho naomba tuelewane. RAID si bakapu. Yakukinga na kifo cha diski tu. Haikukingi na mwizi, moto, virusi, karani aliyefuta folda kwa bahati mbaya, wala fundi mwenye haraka kama nilivyokuwa mimi. Ofisi ile sasa ina diski mbili za nje zinazopokezana kila Ijumaa, na moja hulala nyumbani kwa mzee. Kadi nayo imewekwa iwatumie barua pepe ikiona tatizo, badala ya kungoja mtu aone taa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa data haujengeki tena. Leo ukifika kazini, nenda kwenye kile chumba kisichoingiwa na mtu. Itazame seva. Kama kuna taa ya rangi isiyo ya kawaida, usiguse. Andika saa, mwite fundi wako, na swali la kwanza umuulize: daftari lasemaje?