Noti Zinazojua Kuwa ni Noti

Mwalimu wa kwaya akitaka wimbo ulioandikwa kwa noti za mistari mitano upandishwe kutoka C hadi D, mnakili ana kazi ya kuurudia wote. Kwenye LilyPond, programu huria ya kuandika muziki kwa herufi, anatanguliza amri moja tu: \transpose c d. Palipokuwa na c e g panatoka d fis a. Fis ni F shapu kwa Kiholanzi. Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, walioanzisha programu hiyo mwaka 1996, ni Waholanzi. Tazama lakini: haikutoka ges, yaani G flati, ingawa kwenye kinanda ni kitufe kilekile. Programu inajua kwamba e ikipanda hatua moja huwa f ya namna fulani. (Anayeimba kwa d r m atacheka. Kwake yeye kupandisha ufunguo ni kubadilisha herufi moja juu ya karatasi.)

TeX, programu ya kupanga maandishi kwa ajili ya kuchapa, haina ujuzi wa aina hiyo. Donald Knuth alianza kuitengeneza mwaka 1977, baada ya kuchukizwa na chapa ya kitabu chake, na kwa kupanga aya ni hodari: hupima aya nzima ndipo iamue kila mstari ukatwe wapi. LilyPond imeiga mbinu hiyo. Ila kuandika programu ndani ya TeX ni kubadilisha maandishi kwa maandishi mengine. Makro, yaani amri ya kubadilishia maandishi hayo, inameza herufi na kutema herufi, na e kwake ni e tu, iwe ya muziki au ya neno “embe”. Wapo waliovumilia hadi wakapata MusiXTeX ya kuchora noti. Waasisi wa LilyPond walianzia hapo, wakijaribu kuirahisisha.

Ndani ya LilyPond kuna Scheme, lugha kamili ya programu. Tanguliza \displayMusic, nayo inakufunulia noti ilivyo ndani: muda wake, oktava yake, hatua yake, vyote kwa namba. Hapo unaweza kuagiza wimbo mzima usomwe kinyumenyume. Mabano ya Scheme yanachosha macho, sikatai, na kuchanganya lugha mbili katika faili moja humtoa jasho anayeanza.

Mwenye kitabu cha nyimbo chenye maelezo marefu halazimiki kuchagua kati ya TeX na LilyPond. Programu ya lilypond-book husoma faili la LaTeX, mfumo uliojengwa juu ya TeX, huchora vipande vya muziki vilivyomo na kuvirudisha mahali pake, kisha LaTeX hupanga kurasa.