Kutarajia, Kutegemea, Kutakiwa: Mizigo Mitatu ya Kitenzi Kimoja cha Kiingereza

Barua ya kuitwa kazini huwa na sentensi moja ambayo vijana wengi huisoma juu juu. Inasema kwa Kiingereza kwamba mhusika "is expected to report" tarehe fulani, saa mbili asubuhi. Kijana wa Chamazi au wa Bunju aliyemaliza kidato cha nne anafungua kamusi, anakuta kwamba "expect" ni kutarajia, basi anaelewa hivi: ninatarajiwa kufika. Kwa sikio la Kiswahili, anayetarajiwa anaweza kufika na anaweza asifike. Mgeni hutarajiwa, mvua hutarajiwa. Aliyeandika barua ile, hata hivyo, alikuwa anaagiza. Angeiandika kwa Kiswahili cha ofisini angesema "unatakiwa kuripoti", na hakuna ambaye angeuliza mara mbili.

Kamusi haikumdanganya kijana huyo. Ilimpa maana moja kati ya kadhaa, ikamwachia kazi ya kuchagua bila kumfundisha namna ya kuchagua. Namna hiyo ipo, na haihitaji elimu kubwa. Inahitaji tukitazame kitenzi hiki kwa utulivu, kisha tuvitazame vitenzi vyetu wenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu iko katika Kiswahili tunachokizungumza kila siku Tandika, Mbagala, Tandale na Mwananyamala.

Tuanze na asili. "Expect" kimetoka katika Kilatini, exspectare, yaani kutazama nje, kama afanyavyo mtu aliyesimama mlangoni akiangalia njia. Kiswahili kina kitenzi kilichojengwa juu ya wazo hilohilo: kutazamia, kutoka kutazama. Lakini sisi hatukuishia hapo. Kutoka Kiarabu tulichukua kutarajia, ambacho shina lake lina maana ya kuwa na tumaini. Tukachukua kusubiri, chenye shina moja na subira. Tukachukua kutumaini, ambacho katika Kiarabu kinahusu utulivu wa moyo. Katika Kibantu chetu tulikuwa tayari na kungoja, na tulikuwa na kutegemea, ambacho ni ndugu wa kuegemea: kumwekea mtu au kitu uzito wako.

Utajiri huu si wa lugha zote. Mhispania anacho kitenzi kimoja, esperar, cha kusubiri, kutumaini na kutarajia, na msikilizaji wake hung'amua maana kutokana na mazingira. Mkazi wa Mbagala aliyesimama kituoni Rangi Tatu jioni anaweza kuyatenganisha yote kwa pumzi moja: "Namsubiri mdogo wangu, natarajia atafika saa moja, natumaini hajakwama kwenye foleni." Kitenzi cha kwanza kinaeleza anachokifanya pale kituoni. Cha pili kinaeleza hesabu yake, maana anaijua njia na muda wake. Cha tatu kinaeleza anachokiombea. Mwingereza naye angetumia vitenzi vitatu hapa, na "expect" kingekuwa cha katikati, cha hesabu. Mpaka hapo lugha mbili zinakwenda sambamba.

Zinapoachana ni pale "expect" kinapobebeshwa mizigo mingine. Kwa ujumla kitenzi hiki kinabeba mitatu: makadirio, madai na tegemeo.

Makadirio ndiyo mzigo mwepesi. Msemaji ana sababu za kuamini kwamba jambo litatokea, naye anasema hivyo. Mfano tulionao karibu kuliko yote ni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Dar es Salaam hupata mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na za masika kati ya Machi na Mei. Kabla ya kila msimu mamlaka hutoa mwelekeo wake, na tumezoea kusikia kwamba mvua za wastani, au za juu ya wastani, "zinatarajiwa" katika mikoa fulani. Neno limechaguliwa vizuri. Mtabiri hana amri juu ya mawingu. Ana vipimo, kumbukumbu za miaka mingi na kanuni za sayansi, na kutokana na hivyo anasema kipi kina uwezekano mkubwa.

Lakini wepesi huo usitufanye tulidharau neno. "Inatarajiwa" ya mtaalamu haiko sawa na "huenda" ya kijiweni. Nyuma yake kuna hesabu. Desemba 2011 mafuriko yaliliingia jiji hili, yakaua watu, na baadhi ya familia zilizokuwa zikiishi bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni. Anayeishi bondeni, anaposikia kwamba mvua kubwa inatarajiwa, anapaswa kuisikia kama habari yenye uzito wa kutosha kuhamisha godoro, vyeti na watoto. Ikiwa mvua haikunyesha, mtabiri hakusema uongo. Kutarajia hubeba uwezekano wa kutotokea, na kujiandaa kunabaki kuwa busara.

Kundi hilohilo ndilo la mama mjamzito. Waingereza husema kwa kifupi kwamba mama "is expecting", bila hata kutaja anachokitarajia, na kila mtu anaelewa. Sisi tunasema anatarajia kujifungua, na mitaani wengi husema anategemea kujifungua mwezi wa nane. Tarehe anayopewa kliniki huhesabiwa siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, na watoto wengi huzaliwa kabla au baada ya siku hiyo. Ni makadirio. Anayeichukulia kama ahadi atahangaika siku ikipita, na anayeipuuza kabisa atakutwa hana nauli ya kwenda hospitali.

Mzigo wa pili ni madai, na huu ndio uliomkwaza kijana wa barua. Mwalimu anapoandika kwamba "students are expected to wear uniform", habashiri wanafunzi watavaa nini. Anasema lazima wavae sare. Mwajiri, mwenye nyumba, hakimu na mkuu wa shule wanapokitumia kitenzi hiki kwa walio chini yao, makadirio hugeuka amri iliyovikwa adabu.

Kuna kisa cha kweli kinachoonyesha jinsi mzigo huu unavyobadilisha kauli. Oktoba 21, 1805, kabla ya vita vya baharini vya Trafalgar karibu na pwani ya Hispania, Admirali Horatio Nelson alitaka kuwatumia mabaharia wake ujumbe kwa bendera: kwamba Uingereza ina imani kila mtu atatimiza wajibu wake. Afisa wake wa ishara, John Pasco, akaomba ruhusa ya kubadilisha kitenzi. Neno alilolitaka Nelson, "confides", lisingekuwa na budi kuandikwa herufi moja moja kwa bendera nyingi, ilhali "expects" lilikuwa tayari na ishara yake katika kitabu cha meli. Muda ulikuwa mfupi, Nelson akakubali. Hivyo kauli iliyozaliwa kama neno la kuwatia watu moyo ikapandishwa mlingotini ikiwa na sauti ya bosi. Hakuna kingine kilichobadilika katika ujumbe isipokuwa kitenzi.

Kiswahili kwa desturi huliweka dai wazi: unatakiwa, unapaswa, unaagizwa, huna budi. Hata tunapotumia kutarajia, sarufi yetu hutoa ishara ambayo Kiingereza hakina. Linganisha sentensi hizi mbili: "Mwalimu anatarajia kuwa mtakuja mapema" na "Mwalimu anatarajia mje mapema." Katika ya kwanza mwalimu anakadiria, kiambishi cha wakati ujao, -ta-, kinaeleza anachodhani kitatokea. Katika ya pili, "mje" ni umbo la kuagiza na kuomba, na mwanafunzi wa darasa la tano wa Yombo anajua bila kufundishwa kwamba akichelewa atakuwa na maelezo ya kutoa. Kiingereza huziweka zote mbili katika sentensi moja, "the teacher expects you to come early", na kumwachia msomaji aamue. Mwalimu wa Kiingereza anayewaonyesha wanafunzi wake jozi hii kwa Kiswahili kwanza atakuwa amewarahisishia kazi kubwa.

Tusijisifu kupita kiasi, maana nasi tunajua kuficha dai ndani ya makadirio. Chukua kadi ya mchango wa harusi. Imeletwa nyumbani kwa mkono, ina jina lako juu ya mstari wa nukta, tarehe ya mwisho ya kuchangia na namba ya simu ya mweka hazina wa kamati. Chini imeandikwa: "Tunatarajia ushirikiano wako." Kwa sarufi, hayo ni makadirio. Kwa desturi ya jiji hili, ni dai la upole, na aliyeipokea anajua kwamba zamu yake ikifika atapeleka kadi kama hiyo kwa watu walewale. Adabu imefanya Kiswahili kitumike hapa kama Kiingereza kinavyotumika katika barua ya ofisini.

Mzigo wa tatu ni tegemeo, na hapa ndipo Kiswahili cha Dar es Salaam kina la kuwafundisha wengine. Mitaani watu husema "nategemea kusafiri kesho" pale ambapo kitabu kingesema natarajia. Wapo wanaoliona kama kosa. Mimi naona ni vizuri kuelewa kilichotokea kabla ya kusahihisha. Kutegemea ni kuweka uzito. Anayesema "sikutegemea kama angenifanyia hivi" hasemi tu kwamba ameshangazwa. Anasema alikuwa ameegemea, na alichokiegemea kimeondoka. "Sikutarajia" ina mshangao. "Sikutegemea" ina mshangao na maumivu.

Kwa Mtanzania kitenzi hiki kina historia pia. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitangaza Ujamaa na Kujitegemea, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Kabla ya hapo methali ilikuwa imekwisha kuonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa hiyo shangazi wa Keko anapompigia mpwa wake wa Kawe na kumwambia "nakutegemea mwanangu, mwisho wa mwezi", mpwa hasikii utabiri wala amri. Anasikia kwamba kuna mtu amepanga kodi na chakula kwa kumwegemea yeye. Kiingereza kikisema "I am expecting it from you" hakifikishi uzito huo. Inabidi kukihama kitenzi hiki na kuchukua kingine, "rely" au "count on".

Sasa njia ya kuchagua. Unapokutana na "expect", jiulize swali moja: jambo lisipotokea, nani atalaumiwa? Kama hakuna wa kulaumiwa, kama kwa mvua au siku ya kujifungua, sema kutarajia, kutazamia, au hata kudhani. Kama atalaumiwa yule anayetajwa, kama mwanafunzi asiye na sare au mwajiriwa aliyechelewa, sema kutakiwa au kupaswa. Kama msemaji mwenyewe ataachwa bila pa kushika, sema kutegemea. Swali hilo linatosha kwa sehemu kubwa ya sentensi utakazokutana nazo katika barua, mitihani na magazeti.

Yamebaki mambo mawili madogo yanayowaangusha wengi. La kwanza ni kitenzi kinachofuata. Baada ya "expect" huja "to" na kitenzi katika umbo lake la kawaida: "I expect to finish". Baada ya "look forward to", msemo wa kungoja jambo kwa furaha, kitenzi huongezewa -ing: "I look forward to hearing from you." Barua nyingi za kuomba kazi huandikwa "to hear", na kosa hilo hukaa mstari wa mwisho, pale msomaji anapofunga maamuzi yake. La pili ni kwamba msemo huo una hamu ndani yake, na "expect" hakina. Mtu anaweza kutarajia bili ya maji. Haingoji kwa hamu. Kwa Kiswahili tungesema "nina hamu ya kukuona", au tungefunga barua rasmi kwa "natumaini ombi langu litapokelewa".

Tuna pia kauli ya "panapo majaliwa", na wengine "Mungu akipenda" au "inshallah", tunayoiweka mwishoni mwa mipango yetu. Wageni wengine huisikia kama mlango wa kutorokea. Ukweli ni kwamba inaikamilisha sentensi: msemaji ameeleza nia yake, kisha amekiri kwamba kesho haiko mkononi mwake. "Expect" cha makadirio kina ukiri huohuo ndani yake, ila hakiutamki.

Ombi langu ni kwa walimu wa sekondari, hasa wa kidato cha kwanza, wanaowapokea watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kuwatia katika Kiingereza ndani ya wiki chache. Msiandike ubaoni kwamba "expect" ni kutarajia mkafuta na kuendelea. Andikeni sentensi tatu, moja ya mvua, moja ya sare, moja ya shangazi, kisha waacheni wanafunzi wenyewe waseme kila moja kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. Watavipata vitenzi vitatu tofauti bila kusaidiwa, na siku barua ya kazi ikifika watajua kwamba saa mbili asubuhi ni saa mbili asubuhi.