Uratibu wa Ufuatiliaji wa Vijito kwa Kujitolea katika Jiji la Arua

Utangulizi

Arua ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Mto Enyau, unaopeleka maji yake katika Naili ya Albert, umekuwa kwa muda mrefu chanzo cha maji ya bomba ya mji huo. Kadiri makazi yanavyoongezeka, ikiwemo Ombaci kwenye barabara ya Koboko, ndivyo vijito vinavyohitaji kuangaliwa mara kwa mara. Makala haya yanaeleza jinsi wakazi wanavyoweza kushirikishwa, na yanashikilia kuwa thamani ya takwimu zao hutokana na ulinganifu kuliko wingi.

Mbinu

Mbinu ya miniSASS, iliyobuniwa Afrika Kusini, hutumia makundi 13 ya viumbe wadogo wa majini, wakiwemo ruba, konokono, kaa na mabuu ya kereng'ende. Kila kundi lina alama kulingana na wepesi wake wa kudhurika kwa uchafuzi. Jumla ya alama hugawanywa kwa idadi ya makundi yaliyopatikana. Wastani wa juu huashiria kijito chenye afya. Wavu, sinia nyeupe na jedwali la utambuzi vyatosha. Hata hivyo, mbinu hii haipimi vimelea vya maradhi: alama nzuri si kibali cha kunywa maji.

Uratibu

Vituo vipangwe kwa kufuata mkondo wa maji, si mipaka ya kata. Katika eneo kama Ombaci, kituo kimoja kiwe juu ya makazi na kingine chini yake, kwani kipimo kimoja hakibainishi uchafu umeingilia wapi. Vikundi vyote vipime katika juma moja, wakati wa kiangazi na tena wakati wa mvua, kwa sababu mafuriko huwasomba viumbe na kushusha alama pasipo uchafuzi. Mtaalamu arudie sehemu ya vipimo ili kukadiria makosa.

Hitimisho

Matokeo ya wajitoleaji ni kengele ya tahadhari, si hukumu. Alama ikishuka, mamlaka ya jiji na ofisi ya Kanda ya Usimamizi wa Maji ya Upper Nile, iliyoko Lira, zithibitishe kwa vipimo vya maabara, kisha zirudishe majibu kwa waliopima. Mpango usio na njia ya majibu utapoteza wajitoleaji kabla haujapata takwimu za kutosha kuongoza sera.