POLISI JAMII KATIKA SHEHIA ZETU: MUHALI NA KAZI YA UPELELEZI

Suali ambalo ukurasa huu umekuwa ukiulizwa mara nyingi kuliko mengine kuhusu kazi za Polisi ni hili: inakuwaje mtu aliyekamatwa asubuhi kwa tuhuma za wizi au udhalilishaji akaonekana jioni yake amekaa barazani, akinywa kahawa na watu wale wale waliompeleka kituoni? Wapo wanaojibu kwa haraka kwamba pamelipwa rushwa. Huenda katika kadhia moja au mbili ndivyo ilivyo, na kwa hilo upo utaratibu wa kulalamika. Lakini mara nyingi jawabu lipo karibu zaidi na nyumbani kwa muulizaji, na ndilo lililotupelekea kuandika makala haya.

Ni vyema kwanza msomaji akafahamu ni nani anafanya nini. Jeshi la Polisi ni miongoni mwa mambo ya Muungano tangu tarehe 26 Aprili, 1964. Kwa upande wa Zanzibar linaongozwa na Kamishna ambaye makao yake makuu yapo Ziwani, mjini Unguja, na kila mmoja wa mikoa yetu mitano, mitatu ya Unguja na miwili ya Pemba, una Kamanda wake. Sheha, kwa upande mwengine, ni mtumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar chini ya Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa, na kazi zake zilielezwa katika Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1998 na baadae katika ile ya mwaka 2014. Hivyo askari na sheha hawana bosi mmoja. Wanakutana chini kabisa, katika shehia, na hapo ndipo ulinzi unaposimama au unapoanguka.

Mpango unaojulikana kwa jina la Polisi Jamii ulitiwa mkazo kuanzia mwaka 2006, pale Jeshi la Polisi chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema lilipoanza maboresho yaliyojengwa juu ya nguzo tatu: usasa, weledi na Polisi Jamii. Maana yake kwa maneno mepesi ni kwamba askari asingoje kituoni mpaka uhalifu utendeke ndipo apande gari. Atapangiwa shehia, ataijua mitaa yake na watu wake, atahudhuria vikao vya sheha na wazee, na atajua ni kijana gani ameacha skuli na ni nyumba gani ya kupanga inaingia wageni usiku wasiojulikana watokako.

Hapa ndipo daftari la sheha linapokuwa na thamani kuliko bunduki. Miongoni mwa kazi za sheha ni kupokea taarifa za watu wanaohamia katika shehia yake na kutunza kumbukumbu za usafirishaji wa mifugo na mazao. Wananchi wengi huliona jambo hili kuwa ni usumbufu wa kiofisi. Lakini mfugaji aliyeibiwa ng'ombe usiku, na mkulima aliyeamka akakuta mikungu ya ndizi imekatwa, hawana njia nyengine ya haraka ya kujua mali yao imepita wapi. Mnyama aliyebebwa kwenye gari bila ya hati ya sheha anakotoka ni mnyama anayestahiki kuulizwa. Karafuu mbichi zinazouzwa na mtu asiye na mkarafuu wala aliyekodi shamba ni hivyo hivyo. Askari peke yake hawezi kuyajua hayo, kwani hamjui mwenye shamba wala asiye na shamba. Sheha anajua, na jirani anajua zaidi.

Katika baadhi ya maeneo wananchi wamejiunga katika vikundi vya ulinzi shirikishi na kupokezana zamu za usiku. Wazo hili si geni. Wakulima na wafugaji wa Usukuma na Unyamwezi, Tanzania Bara, waliunda sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya kuchoshwa na wezi wa ng'ombe, na wizi ulipungua katika vijiji vingi. Lakini pia watu walipigwa, na wengine wakauawa kwa tuhuma ambazo hazikuwahi kufika mahkamani. Kwa sababu hiyo mipaka ya vikundi hivi inapaswa kueleweka na kila anayeshika tochi na fimbo. Mwananchi anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa la jinai mbele ya macho yake, na akishamkamata amkabidhi kwa Polisi bila ya kuchelewa. Hana ruhusa ya kumpiga, kumfungia ndani, kumtoza faini wala kumpekua mpita njia kwa kuwa tu hampendi sura yake au chama chake. Mlinzi wa aina hiyo huwa ni mhalifu mwengine aliyeongezeka katika shehia.

Si haki, hata hivyo, kumlaumu mwananchi peke yake pale anaponyamaza. Wapo watu waliopeleka taarifa za siri kituoni, na kabla ya jua kuchwa mtuhumiwa akawa ameshajua nani alimtaja. Mwandishi wa makala haya anamkumbuka mzee mmoja wa shamba aliyefanyiwa hivyo kwa kutaja wezi wa nazi. Migomba yake ilifyekwa wiki ile ile, naye akaapa kwamba hatotia tena mguu kituoni, na alitimiza kiapo chake mpaka alipofariki. Askari mmoja asiyechunga ulimi alifunga midomo ya kijiji kizima. Kwa upande wa Pemba, yale yaliyotokea tarehe 27 Januari, 2001, wakati askari walipofyatua risasi katika maandamano na watu wakapoteza maisha, hayakusahaulika kwa sababu ya mikutano michache ya uhamasishaji. Maafisa wanaopangiwa kazi katika shehia wanatakiwa wayajue hayo kabla ya kuuliza kwa nini hawakaribishwi barazani.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe, nalo ni muhali. Msomaji wa visiwa hivi hahitaji kufasiriwa neno hili. Mtu anamjua aliyemdhuru mwanawe, lakini aliyemdhuru ni mtoto wa ammi yake, au ni mume wa dada yake, au ni mtu anayemdai. Wazee wanakaa, kahawa inapitishwa, maneno mazuri yanasemwa, pengine na fedha zinatolewa, na familia inarudi kituoni kusema kwamba mambo yamekwisha. Polisi wanabaki na jalada lisilo na shahidi.

Suluhu ni jambo jema, na sheria yenyewe imempa sheha kazi ya kusuluhisha migogoro ya kifamilia na ya kijamii. Mpaka wa shamba, mbuzi aliyekula mboga za watu, mke na mume waliogombana kwa maneno, deni la duka: hayo yana nafasi yake barazani, na mahkama zetu zingezama kama yote yangepelekwa huko. Lakini kubaka, kulawiti na kumdhalilisha mtoto si mgogoro wa familia mbili. Ni jinai, na mwenye kesi ni Serikali kwa niaba ya watu wote kupitia Mkurugenzi wa Mashtaka, si baba wa mtoto. Baba hana cha kusamehe kwa niaba ya mwanawe, na sheha anayeketi kusikiliza suluhu ya namna hiyo anatoka nje ya mamlaka aliyopewa.

Takwimu zinazotolewa kila mwezi na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali zimekuwa zikionesha kwamba wengi wa waathirika wa makosa haya ni watoto. Serikali kwa upande wake imechukua hatua. Sheria ya Mtoto ilipitishwa mwaka 2011, na mwaka huo huo kilifunguliwa kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, na baadae vikaongezwa vyengine Unguja na Pemba. Sheria mpya za adhabu na za mwenendo wa jinai zilitungwa mwaka 2018, na mwaka 2021 ikaanzishwa mahkama maalumu ya makosa ya udhalilishaji. Yote hayo yanamngojea shahidi. Askari hupeleleza, Mkurugenzi wa Mashtaka huamua kama ushahidi unatosha kushtaki, na hakimu huhukumu kwa kile kilichosemwa mbele yake. Mama asipofika mahkamani siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, hakimu hana budi kuifuta kesi, na mtuhumiwa hurudi mtaani akiwa huru. Muulizaji wetu humuona barazani na kusema Polisi wamemwachia.

Ipo pia sababu nyengine, nayo ni dhamana. Kwa makosa mengi, dhamana ni haki ya mtuhumiwa, na haitozwi hata shilingi moja. Anayedaiwa fedha ili apewe dhamana anaibiwa, naye aripoti kwa mkubwa wa kituo au kwa Kamanda. Mtu aliye nje kwa dhamana hajafutiwa kesi, na anayempiga mawe kwa kudhani ameachiwa anajitafutia kesi yake mwenyewe.

Watumishi wa Serikali, hususan walimu na wauguzi, wana nafasi ya pekee. Mtoto aliyebadilika ghafla darasani, anayeogopa kurudi nyumbani au anayepata maumivu asiyoweza kuyaeleza, huonwa na mwalimu kabla ya askari yeyote. Kutoa taarifa ni sehemu ya kazi ya mtumishi huyo, wala hangoji ruhusa ya wazazi, kwani yawezekana mwenye kutuhumiwa ni mmoja wao.

Wazazi na walezi wanaombwa kuzingatia yafuatayo pindi jambo kama hili likitokea. Mtoto asioshwe wala asibadilishwe nguo kabla ya kuonwa na daktari, ijapokuwa moyo wa mama utamhimiza kumsafisha. Ikiwa nguo zimeshavuliwa zisifuliwe; zikaushwe kivulini ikiwa zimeroa, zifungwe katika karatasi au khanga safi, si katika mfuko wa plastiki unaoozesha ushahidi, na zipelekwe pamoja na mtoto. Afikishwe kituo cha Mkono kwa Mkono au hospitali iliyo karibu mara moja, kwa sababu dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI hazifai kuanzwa baada ya saa 72 kupita, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Katika vituo hivyo daktari, mshauri nasaha na askari wapo chini ya paa moja, na fomu ya Polisi ya matibabu, PF3, hujazwa hapo hapo. Mtoto aulizwe mara moja tu na mtu anayejua kazi hiyo, asihojiwe na kila jamaa anayeingia mlangoni. Namba ya simu ya dharura ya Polisi ni 112, na ile ya kusaidia watoto ni 116, hazina malipo. Asiye na simu aende kwa sheha, usiku au mchana, na sheha ampeleke kituoni kabla ya kuwaita wazee.